Kornelio Leonardi Nandonde, Rubani wa Pangaboi (1963–2025)

Baba Paroko, mama mfiwa, ndugu mliosafiri kutoka Nachingwea na Masasi, majirani wa Yombo Buza, wanajumuiya, marubani na mafundi wa ndege, nanyi nyote mliofika hapa makaburini Segerea: kabla hatujamkabidhi mpendwa wetu kwa udongo, tunaomba utulivu wenu kidogo, tuwasimulie alikotoka na alikopita.

Kornelio Leonardi Nandonde alizaliwa Jumatatu tarehe 16 Septemba 1963, katika nyumba za wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Nachingwea. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Leonardi Nandonde na Mama Demetria, wote sasa marehemu. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kornelio, kwa hiyo padri wa misheni hakuhangaika kutafuta jina jingine. Mzee Leonardi aliajiriwa kufyeka nyasi za uwanja na kufukuza wanyama. Ndege ilipokaribia alitembea njia nzima ya kurukia akigonga debe, mbuzi wakitokea upande mmoja na kanga upande mwingine, kisha akasimama kando ameshika kofia mkononi, kama mtu anayempisha bwana harusi.

Mtoto Kornelio alikua akiamini kwamba upepo wa Nachingwea huletwa na ndege. Ndege ikishatua, panga zake ziliendelea kuzunguka, vumbi jekundu likainuka, majani ya mikorosho yakageuka, na Mama Demetria akasema kutoka jikoni, "Haya, wamekuja kutupepea." Mtoto aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Siku za joto ambazo ndege haikuja, alikwenda kando ya uwanja akajilaza kwenye nyasi zilizofyekwa na baba yake, sikio chini, akiisubiri ije kuupepea mji. Dada yake Hamida, ambaye yupo nasi hapa, anasema yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda kumwamsha. Alikuwa akiamka na alama za nyasi shavuni, akauliza kama imeshapita.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nachingwea kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha akajiunga na sekondari ya Ndanda mwaka 1978. Wenzake wa Ndanda wanamkumbuka kama kijana mpole aliyekaa kwenye dawati la dirishani. Siku moja mwalimu wa jiografia alimkuta ametulia kabisa, macho yakiwa nje, daftari halina hata mstari. Akamuuliza anafanya nini. Kornelio akajibu kwa unyenyekevu, "Napaa, mwalimu." Darasa zima lilisubiri fimbo. Mwalimu akasema, "Basi tua, ukachote maji." Alichota maji ya wiki nzima, na hakulalamika. Kidato cha tano na sita alisomea Tabora, akamaliza mwaka 1984, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1986 akachaguliwa kwenda Addis Ababa kusomea urubani. Alirudi mwaka 1988 akiwa na leseni, koti zito la baridi na tabia ya kunywa kahawa bila sukari. Koti hakulivaa tena. Kahawa aliendelea nayo.

Miaka yake ya kwanza kazini aliirusha ndege ndogo ya abiria tisa, iliyobeba dawa, barua na watu kati ya Dar es Salaam, Mafia, Kilwa, Mtwara na Songea. Kwenye ndege ndogo kama ile abiria wenyewe hupimwa uzito, siyo mizigo tu, kwa sababu rubani lazima ajue nani akae mbele na nani nyuma. Mtwara, kazi hiyo ya kupima ilikuwa ya karani mgeni kutoka Masasi aitwaye Yustina. Makarani waliomtangulia walikuwa wakitangaza kilo za watu kwa sauti, na kina mama walikuwa wakikasirika. Yustina yeye alimnong'oneza kila abiria uzito wake sikioni, kama anayempa siri, halafu akauandika. Kapteni Nandonde aliliona hilo kwa majuma kadhaa. Mwishowe akapanga foleni, akapanda kwenye mizani.

Yustina akamwambia uzito wake unajulikana, upo kwenye karatasi.

"Karatasi hainong'oni," akasema Kapteni.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 30 Julai 1994 mjini Mtwara. Mungu aliwajalia watoto watatu, Wilfred, Demetria na Brightson. Mwaka 2001 walihamia kwenye nyumba yao wenyewe kule Yombo Buza. Wengi walimshangaa. Mtu anayeshinda na kelele za ndege kutwa, iweje anunue kiwanja karibu na uwanja wa ndege? Yeye alisema hawezi kulala mahali ambapo hajui nani amepita juu. Na kweli, watoto wake walikua wakimwona amefumba macho kibarazani Jumapili mchana, kitabu kifuani, mtu angedhani amelala. Ndege ikipita husema ile ni ya wapi, imechelewa ama imewahi, na kwamba rubani wake leo ana haraka. Kisha anaendelea kulala. Nyumba nzima ilijifunza kuongea taratibu, kwa sababu ilikuwa vigumu kujua kama yupo ama hayupo.

Mwaka 1997 alijiunga na shirika la ndege la Lukuledi Air, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi mwisho. Ndege tano za shirika hilo zilikuwa zote za panga mbili, za abiria arobaini na wanane. Watu wa Dar waliziita pangaboi, kama feni za darini, na walipoziita hivyo hawakuwa wakizisifu. Bi Wahiba, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Kariakoo, alipozipanda mara ya kwanza alisimama chini ya ngazi, akazitazama panga, akamtazama Kapteni aliyekuwa akiikagua ndege.

"Mwanangu, mie nimelipa nauli ya ndege. Mbona hili pangaboi?"

"Shikamoo mama. Pangaboi la nyumbani kwako limeshawahi kukuangusha?"

"Marahaba. La nyumbani sijawahi kulipanda."

Foleni yote ilicheka, na Kapteni alicheka kuliko wote. Bi Wahiba alipanda, akalala kabla hawajauvuka Rufiji, na tangu siku hiyo akija kukata tiketi alikuwa akiuliza kwanza kama mwanawe wa pangaboi yuko zamu. Kisa hicho kilifika Buza kabla ya Kapteni mwenyewe kufika. Jina likamganda. Hata mtaani kwetu wapo wanaomfahamu kwa jina la Kapteni Pangaboi tu, na wamelijua jina la Kornelio waliposoma tangazo la msiba.

Yeye alilipenda neno hilo. Alisema jeti hupita juu ya nchi, ila pangaboi hupita ndani yake. Kwa kuwa haliendi juu sana, aliyaona yote: mikoko, mashamba ya ufuta, moshi wa jiko la mtu mmoja katikati ya pori, na mto Rufiji unaofika baharini umetawanyika kama nywele zilizofumuliwa. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, alikuwa akipunguza maneno na rubani mwenzake ili waipite ile hali kimya kimya, kama watu wanaopita chumba chenye mgonjwa aliyepata usingizi. Akirudi nyumbani, mkewe akamuuliza safari ilikuwaje, mara nyingi alijibu neno moja, "Kumelala." Yustina alielewa kwamba ilikuwa safari njema.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 shirika liliwatangazia wafanyakazi kwamba pangaboi zote tano zitaondolewa kabla ya mwaka kuisha. Zilikuwa zimezeeka, vipuri vilikuwa havipatikani, na abiria walitaka mwendo. Jeti mbili zingechukua nafasi yake. Jeti hizo hazikuweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo, kwa hiyo safari za huko nazo zingekwisha. Marubani walikuwa kumi na wanne. Sita wangepelekwa kusomea jeti, wanane wangeondoka. Ndege zenyewe zilikuwa na pa kwenda, kwa kuwa zilikwishapata wanunuzi nchi nyingine. Marubani wake hawakuwa na mnunuzi. Kijana mmoja, Jawad, aliyekuwa ameoa mwaka huo huo, alikwenda Juba ambako pangaboi bado zinaruka, akamwacha mkewe Mwananyamala kwa wazazi wake. Mwingine alikwenda Goma. Wengine walirudi makwao kusubiri simu.

Kapteni Nandonde alikuwa miongoni mwa wale sita. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini, na sheria inamruhusu rubani kuendelea hadi sitini na tano, kwa hiyo alikuwa na miaka mitano iliyobaki, na aliitaka yote. Hakulificha hilo. Alikwenda Johannesburg mwezi Agosti pamoja na rubani msaidizi wake, Raudha Masoud, ambaye alikuwa amekaa naye chumba cha marubani kwa miaka minne na kumzoea kama mzazi.

Hapa inabidi tueleze jambo la kazi yao, ili yafuatayo yaeleweke. Katika ndege ya panga, katikati ya marubani wawili, pana vishikio vya nguvu ya injini, na pembeni yake pana vishikio vya panga. Kabla ya kutua, magurudumu yakishashuka, rubani husukuma vishikio vya panga mbele. Ndivyo panga zinavyokuwa tayari kuiinua ndege iwapo itabidi kupaa tena ghafla. Jeti haina vishikio hivyo. Mahali pake pana vitu vingine ambavyo wakati huo havitakiwi kuguswa.

Walijifunza kwenye simuleta, yaani chumba kinachoiga ndege kwa kila kitu, hadi mtikisiko wake. Darasani Kapteni alifanya vizuri. Lakini kila walipokaribia kutua, mkono wake wa kulia uliondoka wenyewe, ukaenda pembeni, ukatafuta. Ulikuwa umefanya hivyo kwa miaka thelathini na mitano. Mwalimu akamuonya mara ya kwanza, akamuonya mara ya pili, na mara ya tatu akasimamisha zoezi, akamuuliza anatafuta nini pale.

Raudha anasema Kapteni aliutazama mkono wake, akatabasamu, akasema, "Panga."

Raudha alifaulu. Kapteni alipewa nafasi ya kurudia mwezi Januari 2024. Katikati ya hapo alirudi kurusha pangaboi zilizobaki, zikiwa zinaondoka moja baada ya nyingine.

Miezi hiyo, nyumbani Buza, aliufundisha mkono wake kusahau. Alifunga miiko miwili kwenye kigoda ikawa vishikio vya injini, akakaa kibarazani amefumba macho, akaanza kutua. Majirani waliopita walimsalimia, akawaitikia akiwa bado angani. Mkewe alimtazama kwa siku chache, kisha akaenda jikoni akaja na kikombe cha chai ya moto, akakiweka pembeni ya ile miiko, pale pale mkono ulipokuwa ukienda.

"Ukikigusa utajua," akamwambia.

Alikigusa sana. Vidole viliungua, mkeka uliloa, na chai ya nyumba ile ilikuwa ikiisha kabla ya mwezi kuisha. Polepole mkono ukaanza kukiogopa kikombe, kisha ukaacha hata kukiogopa, ukawa haukumbuki kwamba pale palikuwa na kitu. Mwishoni mwa Oktoba chai ilipoa mahali ilipowekwa na Yustina akainywa mwenyewe. Mchana mmoja wa siku hizo, jua likiwa limejaa kibarazani na pangaboi la sebuleni likizunguka nyuma yao, Kapteni alifumbua macho.

"Yustina, mkono umesahau."

"Si ndicho ulichokitaka?"

Mkewe anasema aliugeuza mkono juu chini, akawa anautazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Safari ya mwisho ya pangaboi kwenda Nachingwea ilikuwa Ijumaa tarehe 24 Novemba 2023. Kapteni aliiomba, akapewa, na Raudha akakaa kulia kwake. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha kusini. Walipita kwenye mawingu meupe yaliyosimama mbali mbali, jua likiingia na kutoka, na abiria wengi walikuwa wamelala. Raudha anasema ilikuwa kama ndege haisogei, kama ni nchi ndiyo inayovutwa chini yao, kijani, taratibu, na mtu mwenye subira. Kapteni hakusema neno tangu Kilwa. Ulipoonekana uwanja, mwekundu katikati ya mikorosho, aliuelekea. Magurudumu yakashuka. Raudha akasoma orodha yao ya ukaguzi, akafika kwenye panga, akataja, na hapakuwa na jibu. Mkono wa Kapteni ulikuwa umetulia kwenye vishikio vya injini. Macho yalikuwa mbele.

"Kapteni," akasema Raudha. "Panga."

Aliuangalia mkono. Kisha akavisukuma vishikio mbele, wakatua salama. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, kina mama wakapiga vigelegele, wanakwaya wakaimba, naye akashuka akasalimiana na kila mtu. Walipokuwa wakirudi Dar es Salaam hakukosea chochote. Hakuna abiria aliyejua, na hakukuwa na sababu ya mtu kujua, maana kazi ya rubani wa pili ni pamoja na kumkumbusha wa kwanza.

Jumatatu asubuhi Kapteni Nandonde alikwenda kwa mkuu wa marubani akajishtaki mwenyewe. Alieleza kwamba alitajiwa panga na mkono wake haukwenda, na kwamba hataitumia ile nafasi ya Januari. Mkuu wake, ambaye yupo hapa na ametuthibitishia, alimwambia hilo si kosa. Kuna orodha, kuna rubani wa pili, mambo yalikwenda yanavyotakiwa kwenda. Alimsihi aende Johannesburg akarudie. Kapteni alishukuru, akakataa.

Jioni hiyo Raudha alifika Buza amekasirika. Hakukaa alipokaribishwa.

"Kapteni, mie nilishanyamaza."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mie."

"Januari ungefaulu. Mkono ulishajifunza."

"Haujajifunza, Raudha. Umesahau tu. Pa kwanza umeshatoka, pa pili haujafika. Siwezi kuupa watu wakati uko njiani."

"Sasa mie nitaruka na nani?"

"Na atakayekujibu ukimtajia."

Raudha alilia. Yustina alileta chai, akaiweka mezani mbali kabisa na mkono wa mumewe, na hapo ndipo wote watatu walipocheka, wakakaa, wakala. Nafasi iliyoachwa wazi Januari alipewa mmoja wa wale wanane waliokuwa wameambiwa waondoke. Kapteni hakumchagua, na hakupenda kusifiwa kwa ajili hiyo. Alisema yeye aliinuka kwenye kiti. Nani akikalie halikuwa shauri lake.

Tarehe 15 Januari 2024 alipeleka sare yake shirikani, imefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na vile vitambaa vya mabegani vyenye mistari minne vinavyoonyesha cheo cha kapteni. Mwaka uliofuata aliishi nyumbani kwa utulivu ambao wengi wetu hatukuutegemea. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, alilea miche ya mikorosho ambayo udongo wa Buza uliikataa, na kila Jumapili baada ya misa aliwakaribisha marubani waliopoteza kazi. Mkutano huo waliuita Chama cha Waliotua. Katiba yake ilikuwa na kifungu kimoja, kwamba ndege ikipita juu hakuna kumalizia sentensi hadi mlio wake uishe. Huko Juba, Jawad alikuwa akipiga simu muda ule ule, simu inawekwa katikati ya sahani, na anapewa zamu ya kuzungumza kama wengine.

Mwezi Februari 2025 alianza kusikia maumivu ya tumbo. Alipimwa, akaonekana ana saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Alitibiwa kwa muda, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa upole. Mwezi Mei aliomba arudishwe nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, na umeme ulipokatika mkewe na watoto walimpepea kwa zamu kwa kipepeo cha ukili.

Majuma yale alilala sana, na alipoamka alikuwa na habari. Alisema ametoka Mafia. Siku nyingine alikuwa Songea, au mahali alipopapita zamani bila kupajua jina, penye nyumba moja na mtu anayepunga mkono. Mwanzoni watoto walijaribu kumwambia kwamba alikuwa hapa hapa. Yustina akawakataza. Yeye alikuwa akimuuliza hali ya hewa. Kapteni aliitoa kwa utaratibu, mawingu yako wapi, upepo unatoka upande gani, na baada ya kuitoa uso wake ulikuwa unalegea, maumivu yanasogea kidogo. Ikawa ndiyo mazungumzo yao. Kuna mchana ambao sebule ile haikuwa Buza kabisa, ilikuwa mahali pengine penye mwanga mwingi, nasi wote tulikuwa tumeketi humo tukipita taratibu juu ya nchi.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025, mkewe alimuuliza huko aliko kukoje. Alifikiri, akasema, "Kweupe." Hakusema neno jingine. Majira ya saa nne alivuta pumzi ndefu, akatuacha, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Tangu Jumatano yamesemwa mengi msibani, na yote yamesemwa kwa upendo. Wapo waliosikitika kwamba alitupwa pamoja na ndege zake, kama chuma chakavu. Wapo waliosema jeti zilimshinda. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliandikwa kwamba alistaafu, kwa sababu ndilo neno la heshima. Mama Yustina aliisoma, akaomba lifutwe. Alitueleza kwamba mwezi Mei, siku ambayo akili yake ilikuwa safi kabisa, marehemu alimwambia: "Msiandike nilistaafu, na msiandike nilifukuzwa. Andikeni nilishuka." Kwa hiyo tunaandika hivyo. Kapteni Kornelio Leonardi Nandonde alishuka, kwa hiari yake, ndege ikiwa imesimama salama na abiria wake wote wamekwisha kwenda makwao.

Jana shirika lilileta sare mpya na vile vitambaa vya mistari minne, wakaomba avishwe, wampe heshima ya mwisho. Tunawashukuru kwa dhati. Palikuwa na maneno ndani, maana ndugu wengi walitaka azikwe kama kapteni, na marubani wenzake walisema kapteni ni kapteni hata kaburini. Mama Yustina aliipokea sare kwa mikono miwili, kisha akairudisha.

"Alivivua mwenyewe," akasema. "Sie hatuwezi kumvisha alichokivua."

Mliopita mbele ya jeneza mmemwona. Amevaa shati jeupe, mabegani hakuna kitu. Msalabani yameandikwa majina yake matatu. Atakayependa kumwita Kapteni na amwite, na atakayependa kumwita Pangaboi vilevile, kwa kuwa majina hayo alipewa na watu nayo yanabaki kwa watu.

Marehemu ameacha mjane, Yustina; watoto watatu, Wilfred, Demetria na Brightson; mkamwana mmoja, na mjukuu mmoja ambaye bado hajajua kutembea; dada yake Hamida na mdogo wake Gervas; wapwa na wajomba wengi; Chama cha Waliotua, walioko hapa na walioko mbali; na Raudha, ambaye mama mfiwa ametuagiza tumtaje pamoja na watoto.

Ee Mungu, umpokee mtumwa wako Kornelio. Umpe mahali patulivu, na amani yako imkae daima.